Kioo kinasema batri imejaa, lakini taa zinazimika



Ilikuwa saa mbili ya usiku, katikati ya msimu wa kahawa, kwenye stasio ndogo ya kuosha kahawa katika kisiwa cha Idjwi. Wakulima zaidi ya thelathini walikuwa bado kwenye mstari na mifuko yao ya kahawa nyekundu. Sisi tulikuwa pale kwa mambo mengine kabisa, tulikuja kuangalia vitanda vya kukaushia. Mara taa nne zikazimika pamoja. Dakika chache kisha, ondilere ikaanza kulia, na mizani ya elektroniki nayo ikazimika.

Kesia alimulika sanduku la sola na telefone yake. Kwenye kioo kidogo cha kipima-batri kulikuwa kumeandikwa 88%.

"Batri iko na moto 88, na taa zimekufa? Namna gani?" prezida aliuliza. Watu wote wakamugeukia mama mwenye kuchunga sanduku. Wengine walianza kusema wazi yale waliyokuwa wananong'ona tangu zamani: kwamba usiku anapeleka batri kwake, kwamba anachaji telefone za watu pembeni na kula pesa.

Mama alijibu kwa sauti ndogo: "Kila siku ni mimi. Kipima chenyewe kinasema batri imejaa. Sasa mimi nimeiba nini?"

Usiku ule kahawa nyingine haikupimwa wala kumenywa. Munajua wenyewe: kahawa nyekundu inapaswa kumenywa siku ile ile imevunwa. Ikilala ndani ya mfuko, inapata joto, inaanza kuchacha, na ladha inaharibika. Asubuhi mifuko minane iliwekwa pembeni kama kahawa ya daraja la pili. Wenye mifuko hawakufurahi, na mama hakuja kazini.

Tuliomba ruhusa ya komite tufungue sanduku pamoja na fundi. Tuliyoyaona ndani tunawaandikia hapa, kwa sababu koperative nyingi ziko na sanduku kama hili, na nyingi zinanunua kipima-batri sasa.

SANDUKU LENYEWE

Ni sanduku la mbao lenye mikono miwili. Vijana wawili wanalibeba toka pahali moja pa kupimia kahawa mpaka pengine. Ndani kuko batri moja ya jeli ya volti 12 na ampea-saa 100, regilatere ya ampea 20, na ondilere ya wati 600. Pano mbili za wati 100 zinabebwa pembeni. Sanduku linawasha taa nne za wati 10, linalisha mizani, na mchana memba wanachaji telefone na kulipa kidogo kwa kese ya koperative.

Batri ya kwanza ilikufa mbele ya kumaliza miaka miwili. Hii ni ya pili, nayo ilikuwa imeanza kuchoka. Komite ilifanya vizuri kununua kipima-batri ili wajue ukweli. Shida ilikuwa kwenye waya moja tu.

KWA NINI VOLTI PEKE YAKE HAZITOSHI

Wengi wetu tunaangalia taa ya kijani kwenye regilatere. Ikiwa kijani, tunasema batri iko muzima. Lakini ile taa inaangalia volti za saa ile tu. Jua likiwaka, pano inasukuma volti juu, 13,5 ao 14, hata kama batri ndani iko karibu tupu. Na ukiwasha kitu kikubwa, volti zinashuka mara moja hata kama batri imejaa. Ili volti za batri ya risasi ziseme kweli, lazima kuzima vyote na kuiacha ipumzike masaa kadhaa. Hapo karibu 12,7 ni kujaa, na karibu 12,2 ni nusu. Nani kwenye stasio ataacha batri ipumzike siku ya kupima kahawa?

Kwa wenye kununua batri za lityumu, ni mbaya zaidi. Volti zake hazisogei sana: toka imejaa mpaka imebakia kama robo, inashuka karibu toka 13,4 mpaka 13,0 tu. Halafu mwishoni inaanguka ghafla. Kwa hiyo taa ya kijani haikusaidii kitu.

Kipima-batri kinafanya kazi nyingine. Kinahesabu umeme wenye kuingia na wenye kutoka, ampea kwa ampea, saa kwa saa. Kinaweza kuhesabu kwa sababu ya kipande kidogo cha madini kinachoitwa shanti. Umeme wote unapita ndani yake, na kipima kinasoma tofauti ndogo sana ya volti kati ya pande zake mbili. Kwa mfano shanti yenye kuandikwa 100 A / 75 mV: ikipita ampea 10, kipima kinasoma milivolti 7,5, kisha kinakuandikia 10 A.

MLANGO WA NYUMA

Munaijua kese ya koperative. Kama kila franga inapita kwa kesia, kaye inasema kweli. Lakini kama kuko mlango wa nyuma, na watu wanatoa pesa bila kupitia kwa kesia, kaye itaonyesha pesa nyingi na sanduku litakuwa tupu. Hata kesia akiwa mutu wa haki kabisa, kaye yake itasema uongo.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye sanduku la Idjwi. Waya za regilatere na za taa zilipita kwenye shanti. Lakini waya nene ya hasi ya ondilere ilibaki imefungwa moja kwa moja kwenye kichwa cha batri. Fundi alituelezea bila kuficha: tundu la waya ile halikuingia kwenye bulo ya shanti, akaiacha pale ilipokuwa. "Niliona taa zinawaka na namba inatembea, nikajua imekwisha," alisema.

Kwa hiyo kipima kilihesabu umeme wote wenye kuingia toka kwenye jua, lakini hakikuhesabu hata kidogo ule wenye kutoka kwa telefone na mizani. Kila siku kiliona batri inajaa, hakioni inamalizika. Ndiyo maana kiliandika 88% usiku ule regilatere ilipokata taa ili kuokoa batri.

NAMNA YA KUFUNGA VIZURI

Kazi hii inafanywa mchana, na fundi, bila haraka. Batri ya volti 12 haitakupiga kama umeme wa mji, lakini ufunguo ukigusa chanya na hasi pamoja unaweza kuwa mwekundu kama moto na kukuunguza. Ondoa saa, pete na mkufu. Zungusha skochi ya umeme kwenye mkono wa ufunguo.

1. Zima taa zote na ondilere. Kisha ondoa waya za pano kwenye regilatere, mbele ya kugusa batri. Regilatere nyingine zinaharibika zikipata umeme wa pano bila batri.

2. Ondoa waya ZOTE kwenye kichwa cha hasi (–) cha batri. Zihesabu na uziandike: hii ya regilatere, hii ya ondilere, hii ya taa.

3. Kamata waya moja fupi na nene. Funga upande mmoja kwenye hasi ya batri, upande mwingine kwenye shanti pahali pameandikwa B– ao BATTERY. Toka leo, hakuna waya nyingine yenye kugusa hasi ya batri, hata ndogo namna gani.

4. Upande wa pili wa shanti, pameandikwa P– ao LOAD ao SYSTEM, funga hasi ya vyote vingine: regilatere, ondilere, na taa kama hazipitie kwenye regilatere. Kama bulo ni ndogo ao waya ni nyingi, ongeza kipande cha shaba chenye matundu mengi. Usifanye kama fundi wetu, usiache moja nje. Lakini kama taa zinatoka kwenye tundu za taa za regilatere, ziache pale pale. Zitahesabiwa kupitia waya ya hasi ya regilatere.

5. Kwa ondilere ya wati 600, umeme unaweza kufika ampea 50 mpaka 60. Waya za batri zisiwe chini ya milimita za mraba 16, na shanti ya ampea 100 inatosha. Bulo kubwa za shanti ni za waya nene. Visi vidogo vya pembeni ni vya waya ndogo za kipima tu.

6. Waya ndogo nyekundu ya kipima inakwenda kwenye chanya (+) ya batri. Ndiyo yenye kupatia kioo nguvu na kupima volti. Weka fizibo ndogo, ampea 1, karibu na batri.

7. Angalia kama kuko fizibo kubwa kwenye chanya, karibu kabisa na batri. Kwa sanduku hili tuliweka ya ampea 80. Kama haiko, ununue hiyo mbele ya kipima.

8. Kaza bulo zote. Bulo yenye kulegea inapata joto. Shanti yenyewe inapata joto kidogo, kwa hiyo isilalie kwenye nguo ao karatasi. Iweke pahali hewa inapita, na kifuniko juu ili ufunguo usianguke pale.

9. Rudisha batri kwanza, kisha pano mwishoni.

JARIBIO LA KITU KIMOJA KIMOJA

Hapa ndipo kazi inajulikana kama ni nzuri. Funika pano na mkeka ao nguo nzito, na zima vyote. Kioo kinapaswa kuonyesha karibu 0. Washa taa moja ya wati 10: utaona karibu –0,8 A. Ile alama ya kutoa inasema umeme unatoka. Kama unaona +0,8, pande mbili za shanti zimegeuzwa. Zima taa, washa kitu kingine. Fanya vile kwa kila kitu ndani ya sanduku.

Kitu chochote ukiwasha na namba haisogei, hicho ndicho mlango wa nyuma. Tafuta hasi yake na uipeleke kwenye shanti.

Tulipofanya jaribio hili Idjwi, mbele ya komite na mbele ya mama, tulipata jambo lenye hakuna mutu alikuwa anafikiri. Tuliwasha ondilere peke yake, bila telefone hata moja. Kioo kikaandika –0,9 A.

"Inakula nini? Hakuna kitu kwenye prizi," prezida alisema. Inajikula yenyewe. Ondilere ikiwashwa inatumia umeme hata kama haina kazi. Na kifungo chake kilikuwa ndani ya sanduku, nyuma ya batri. Hakuna mutu aliyewahi kuambia mama kwamba kinazimwa. Kilikuwa kinawaka usiku na mchana tangu siku ya kwanza.

HESABU YA USIKU MMOJA

Tuliandika kwenye kaye ya koperative, kila mtu anaona:

– Ondilere bila kazi, toka saa kumi na mbili ya jioni mpaka saa kumi na mbili ya asubuhi: 0,9 A mara masaa 12, karibu ampea-saa 11.
– Taa nne, masaa 4: karibu ampea-saa 13.
– Telefone 12, karibu ampea-saa 1,5 kila moja: 18.
– Mizani: haifiki 1.

Jumla ni karibu ampea-saa 43. Batri ya risasi ya 100 haipendi kushushwa chini ya nusu kila siku, kwa hiyo tuko na 50 za kutumia. Siku ya jua kali, saa sita, tuliona kioo kinaandika +10 A, na kwa siku moja batri inaweza kurudishiwa. Lakini siku ya mawingu, saa ile ile, tuliona +1,5 A tu. Siku mbili za mvua zikifuatana, deni linabaki. Na batri ya risasi ikilala siku nyingi bila kujaa, ndani kunajengeka ganda gumu la salfati, na sehemu ile hairudi tena.

Mama alisimama akasema mbele ya wote: "Telefone yangu nachaji hapa kila siku, silipe. Hilo ni kweli." Kesia alihesabu: ampea-saa 1,5. Ondilere ilikuwa inakula 11 kila usiku, mara saba zaidi, na hakuna aliyeisemea.

KUPATIA KIPIMA NAMBA ZAKE

Kipima kipya hakijui batri yenu. Lazima mukiambie mambo mawili.

Kwanza, ukubwa wa batri: 100 kama batri ni mpya na imeandikwa 100.

Pili, wakati gani kihesabu kwamba batri imejaa. Kama regilatere inapandisha mpaka volti 14,4, andika 14,2 kwenye kipima. Vipima vingine vinauliza pia umeme unaingia kidogo namna gani batri ikijaa. Kwa batri ya 100, ampea 4 ni mwanzo mzuri. Vile vya bei ndogo vinataka ubonyeze kifungo wewe mwenyewe siku batri imejaa kweli, ndipo vinaandika 100%. Msifanye hivyo saa ya jioni ju munaona kijani. Muache jua kamili, ampea zenye kuingia zishuke kabisa, ndipo mubonyeze.

Kipima kinakosea kidogo kidogo kila siku, sawa vile mtu mwenye kuhesabu magunia usiku. Kila mara batri inajaa kabisa, kinajirekebisha. Kwa hiyo batri ijae kabisa angalau mara moja kwa wiki, na zaidi ikiwezekana. Ni vizuri kwa hesabu na ni vizuri kwa batri.

Jambo lingine tulilogundua: baada ya kutumia ampea-saa 30, tulizima vyote masaa matatu. Kioo kilisema 70%, lakini volti zilikuwa 12,2, maana yake nusu. Batri ile haikuwa tena ya 100. Ilikuwa imebakia kama ya 60. Tulibadilisha namba kwenye kipima, tukaandika 60. Tunawaambia wazi: kipima hakiponyi batri. Kinakuambia tu umebakia na nini, ili musipange kazi ya 43 juu ya batri yenye kutoa 30.

MAMBO KOPERATIVE ILIYOKATA

Siku ile ile komite ilikaa chini na memba, wakapatana hivi:

– Telefone zinachajiwa saa tatu ya asubuhi mpaka saa tisa, wakati jua linalipa lenyewe. Saa tisa ondilere inazimwa.
– Mizani inachajiwa mchana, ili usiku ipime na batri yake ya ndani.
– Kifungo cha ondilere kililetwa nje ya sanduku.
– Kioo cha kipima kililetwa nje pia, chini ya plastiki, pahali kila mtu anasoma.
– Asubuhi na jioni, mama anaandika kwenye kaye tarehe, asilimia na volti. Kila mwisho wa wiki kesia anatia sahihi.
– Ikifika 50%, taa mbili zinazimwa. Hakuna mjadala, hata kwa prezida.
– Kila mwezi fundi anakaza bulo, kwa sababu sanduku lenye kubebwa linatikisika njiani.
– Kila siku ya kupima kahawa, sehemu ya pesa za telefone inawekwa pembeni kwa kununua batri mpya.

Hesabu yao mpya ya usiku ni ampea-saa 14: taa 13 na mizani 1. Hata batri yenye kuchoka inaweza hiyo.

Tulirudi kabla ya msimu kwisha. Taa nne zilikuwa zinawaka, wakulima wako kwenye mstari, na kioo kimeandika 71%. Mama alikuwa pale na kaye yake, kurasa sita zimejaa. Prezida alituambia kwamba komite ilimuomba msamaha mbele ya wote, kwenye mkutano, sawa vile alivyosemewa mbele ya wote.

Tulimuuliza mama alijibu nini siku ile. Alicheka. "Nilimwambia: prezida, nimesamehe. Lakini ile telefone ya mutoto wako uitoe kwenye prizi, saa tisa imepita."

KWA KUKUMBUKA

Kwenye hasi ya batri kuwe waya moja tu, ile ya kwenda shanti. Mujaribu kila kitu kimoja kimoja. Muandike namba asubuhi na jioni, muzisome pamoja kwenye mkutano. Na kabla ya kumushitaki mutu, muhesabu kwanza waya.